Aliyenifundisha Kuosha Mipira ya Maji

Daktari hakuyaamini maji meupe. Maji ya matope, alisema, hayana hila. Yanakuonyesha uchafu wake na wewe unajua la kufanya. Maji yanayong'aa ndiyo ya kuogopwa. Siku yangu ya kwanza pale kliniki kwake, nyuma ya soko la Garsen, hata kabla hajaniuliza kama nimekunywa chai, alinisimamisha mbele ya kile kiti cha kijani cha kutibia meno akanionyesha chupa ya maji iliyoning'inia ubavuni mwa kiti. "Unaona uchafu wowote?" Nikasema sioni. "Basi ndiyo maana nimekuajiri," akasema. "Kazi yako ni ule usioonekana."

Namwandika leo kwa sababu watu wa Garsen bado wanamsifu, na sifa zake nyingi nazikubali, maana nilikuwepo. Lakini mama yangu, aliyeko kijijini kwetu Wema, anakula uji na ndizi za kupondwa kwa upande mmoja wa mdomo, na mpaka leo anaamini kwamba mimi, binti yake wa kumzaa, ndiye niliyemharibia taya. Daktari anajua si mimi. Tunaojua ni sisi wawili tu, na mmoja wetu haaminiki. Nitamweleza kama nilivyomjua, na mkiona nakasirika katikati ya kumsifu, nivumilieni. Sijapata njia nyingine ya kumkumbuka.

Alikuwa mfupi, mwenye vidole vyembamba ambavyo wagonjwa walivipenda kwa sababu vilienea mdomoni bila kupanua mashavu ya mtu. Joto la Garsen mnalijua, mchana hata mbuzi hawabishani na jua. Yeye alivaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo mpaka shingoni, na juu yake koti jeupe. Alinukia mafuta ya karafuu. Hakupenda kuzungumza na mgonjwa wakati wa kung'oa, alizungumza na jino. "Toka basi, bwana, umemsumbua mama wa watu vya kutosha. Aibu huna?" Mgonjwa angeanza kucheka, na katika kucheka kule jino lingekuwa limeshatua kwenye sahani. Sijaona mtu mwingine anayeweza jambo hilo. Nimejaribu kuwafundisha madaktari vijana wa hapa Malindi, lakini wanaona haya kuongea na jino.

Siku moja alikuja mfugaji wa Kiorma kutoka huko nyikani, shavu limevimba mpaka jicho limefunga. Alikataa katakata kuiacha fimbo yake nje.

"Daktari, hii jino toa. Lakini sindano mimi hapana taka."

"Bila sindano utaruka mpaka Minjila."

"Ruka hapana. Mimi nashika fimbo yangu tu."

Daktari aliitazama ile fimbo, ina mavi ya ng'ombe na vumbi la safari. Mwingine angefoka. Yeye alichukua pamba, akaimwagia spiriti, akaipangusa fimbo ya yule mzee kutoka juu mpaka chini, polepole, kwa adabu, kama anayemvisha mtu kanzu. Kisha akamwekea mapajani. "Sasa nyote wawili mko safi," akasema. Mzee alicheka kwa maumivu, akakubali na sindano. Tangu hapo wafugaji waliokuja kwetu walikuwa wakiulizia yule daktari anayeosha fimbo.

Kwa hiyo msidhani alikuwa mchafu. Alikuwa msafi kupita kiasi, na ndiyo sababu hata mimi ilinichukua muda kuamini macho yangu.

Wagonjwa vijana alijibizana nao kwa lugha yao. Kuna mmoja wa bodaboda aliyekuwa na meno mabovu kwa sababu ya soda, kila akilala kwenye kiti lazima aanze: "Dokta, hii maji mnanirushia kwa mdomo ni ya Tana ama?" Daktari alikuwa na jibu moja ambalo halikumchosha. "Ni ya Tana, lakini imeoga."

Na kweli ilikuwa imeoga. Maji ya bomba pale mjini yanatoka mtoni, na kuna majira yanakuja mekundu. Tuliyaacha yatulie kwenye pipa uani, nikayachuja kwa kitambaa, nikayachemsha, nikayapoza, ndipo nikayatia kwenye chupa ya kiti. Lakini Daktari alisema hiyo bado ni kazi ya mpishi. Kazi ya msaidizi wa daktari wa meno inaanzia kwenye mipira.

Nikueleze wewe usiyewahi kutazama. Kutoka kwenye ile chupa maji hupita katika mipira myembamba, njiti ya kiberiti ingepita ndani yake kwa shida, mpaka kwenye mashine ya kutoboa jino, yakapooze moto wa mashine na kuosha kidonda. Mgonjwa akitoka, maji yanayobaki humo yanalala. Yakilala yanafuga utando kwenye kuta za mpira, na utando huo unafuga vijidudu, na kesho yake mashine ikizunguka vinarushwa mpaka ndani ya mfupa wa mtu. Hata kama uliyachemsha. Hata kama yanang'aa.

Hakunifundisha kwa maneno. Alichukua kipande cha mpira wa zamani wa bustani, akakipasua kwa wembe, akaniambia, "Pitisha kidole." Nikapitisha. Kidole kikateleza kama kwenye ngozi ya kambare. "Mpira huu ulikuwa unapitisha maji masafi kila siku," akasema. "Sasa kamwoshee mtu kidonda nayo." Nilinawa mikono mpaka ikauma. Tangu siku ile sikuhitaji kukumbushwa. Asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza naachia maji yapite mipirani bure mpaka nitosheke. Kati ya mgonjwa na mgonjwa naachia tena. Jioni namwaga chupa na kupuliza mipira kwa upepo wa mashine ibaki mikavu. Na kila Ijumaa, mgonjwa wa mwisho akishatoka, natia dawa.

Dawa ilikuwa unga mweupe ndani ya kopo. Kopo lilikaa kwenye kabati, kabati lina kufuli, na ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wa suruali ya Daktari. Alifungua mwenyewe, akapima mwenyewe kwa kijiko, akanimiminia kwenye kikombe. "Hii si ya kuchezea," alisema kila Ijumaa kwa sauti ile ile. Mimi nikaikoroga kwenye maji, nikaijaza mipirani ilale humo mpaka tufungue tena. Ilinuka kali, ya kuwasha pua.

Alikuwa na undumilakuwili wake, wa kuchekesha tu, au hivyo nilivyouona. Aliwahubiria watoto wa shule juu ya sukari hadi wakaogopa hata muwa, lakini kwenye droo, chini ya glavu, alificha halua aliyoletewa kutoka Kipini. Aliila akiwa ameupa mgongo mlango. Nilimfuma mara moja mdomo umejaa.

"Daktari, na hiyo?"

Akameza kwanza. "Nachunguza adui," akasema, akafunga droo.

Nilicheka siku nzima. Nilimpenda, kwa nini nisiseme? Aliniita binti, nami nikamchukulia kuwa mzazi. Baba yangu alipofariki, Daktari alifunga kliniki akaja Wema, akakaa kwenye mkeka na wajomba zangu, akala nao samaki kwa mkono, na koti lake jeupe alikuwa ameliacha Garsen ili asionekane mkubwa. Mama hakulisahau jambo hilo. Tangu siku ile kila nilipotoka nyumbani kurudi kazini ilinibidi nibebe mkungu wa ndizi za Daktari kabla ya nguo zangu. Mama alikuwa akisema kwamba Mungu amenipa baba wa pili, na wa kwanza hakujua kusoma.

Halafu mto ulifurika. Huku kwetu mto kufurika si habari, lakini mwaka ule ulifurika kwa hasira. Barabara ya Malindi ikakatika, maduka ya Garsen yakabaki na chumvi na betri za tochi. Dawa ya mipira nayo ikaisha. Nilimwona Daktari akilitikisa kopo tupu, na nikamsikia akibishana kwenye simu na mtu wa Mombasa. Ijumaa iliyofuata alifungua kabati kama kawaida, akapima kama kawaida.

"Imepatikana?" nikauliza.

"Nilikuwa nimeweka akiba. Kiwanda tofauti, kazi ile ile."

"Mbona hainuki?"

"Hiyo ni ya kisasa, binti. Za kisasa hazinuki."

Na ilifanya kazi, kwa macho. Maji ya bomba wakati ule yalikuwa mazito kama uji wa wimbi, hata baada ya kuchuja na kuchemsha yalibaki na rangi. Daktari akaanza kunipa chembe ya ule unga kila asubuhi pia, niitie kwenye maji ya chupa. Yakang'aa. Kijana wa bodaboda alisema Tana sasa imeoga na sabuni. Barabara ilitengenezwa, malori yakarudi, maduka yakajaa, na Daktari akaendelea kupima kutoka kwenye kopo lile lile. Kuna siku nilikuta kinu chake kidogo, kile cha kusagia vidonge vya watoto, kina vumbi jeupe. Nikakiosha, nikakirudisha mahali pake.

Wakati huo ndipo gego la mama lilipovunjika.

Lilivunjikia ndani, mizizi imebaki kwenye mfupa. Mama ana kisukari, kwa hiyo alikuwa anaogopa, lakini hakuogopa sana, kwa sababu alikuwa anakuja kwa Daktari na msaidizi wake ni mimi. Alivaa leso mpya. Daktari alimlaza, akaanza kuligombeza lile jino kwa Kipokomo chake kibovu, lugha yetu ya nyumbani, mama akacheka mpaka machozi. Ilibidi atoboe mfupa kidogo kwa mashine ili kuipata mizizi. Mimi ndiye niliyeshika bomba la kufyonzea mate, na niliyaona maji yakirushwa kwenye kidonda cha mama yangu, meupe, yanang'aa, nikafurahi kwamba niliyaandaa vizuri.

Sitaeleza yote yaliyofuata. Taya lilivimba, likaanza kutoa usaha, homa haikushuka kwa dawa yoyote. Mjomba, kaka yake mama, alimchukua mpaka hospitali ya Malindi, na huko walimkata sehemu ya mfupa uliokuwa umeoza. Madaktari wa huko waliuliza swali moja ambalo mjomba alirudi nalo Garsen mdomoni: ile mashine iliyotumika ilikuwa inapitisha maji gani?

Siku chache baadaye alikuja afisa wa afya, mama mmoja mtulivu, mwenyeji wa Golbanti. Mjomba akaja naye. Mimi nilikuwa nimewangojea kwa hamu, wallahi. Nilijua mipira yangu ni safi kuliko yoyote pwani hii, na nilitaka iandikwe hivyo, ili mama asihangaike kuwalaumu watu wasio na makosa. Afisa aliomba wembe. Alichomoa mpira unaokwenda kwenye mashine, akaukata, akaupasua kwa urefu, akatuonyesha.

Ndani ulikuwa na utelezi wa rangi ya kahawia, mnene, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nani anasafisha hii?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

"Kwa dawa gani?"

Daktari alikuwa amesimama karibu na dirisha. Nikamwomba kopo, akanipa. Afisa akalinusa, halina harufu yoyote, akakunja uso. Alichota kikombe cha maji ya pipa la uani, yale mekundu ambayo hayajatulia, akanyunyizia unga kidogo na kukoroga kwa kile kijiti cha kukandamizia ulimi. Tukainama sote kutazama. Baada ya muda mfupi matope yakaanza kushikana, vinyuzi vinyuzi, yakashuka chini ya kikombe, na maji ya juu yakabaki kama kioo.

Mjomba ndiye aliyesema. "Hiyo si shabu?"

Hakuna mtoto wa mtoni asiyeijua shabu, lile jiwe jeupe tunalozungusha kwenye ndoo ili matope yatue. Mtaniuliza, basi wewe hukuijuaje? Nyumbani shabu ni jiwe, linakaa dirishani, unalishika kwa mkono. Sikuwahi kuiona ikiwa imesagwa na kutiwa kwenye kopo la dawa, na likitoka kwenye kabati la mtu aliyenipasulia mpira kwa wembe ili nijue tofauti ya maji masafi na maji meupe. Shabu inatuliza matope. Vijidudu haiviui, na utando haiugusi. Yeye ndiye aliyenifundisha hayo.

Nikamgeukia anisaidie kueleza. Ndivyo nilivyofikiri, kwamba kuna maelezo na yeye anayo. Daktari alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya koti.

"Afisa," akasema kwa upole, "mimi kazi yangu ni kuagiza dawa. Kinachotiwa humo mimi nikiwa na mgonjwa siwezi kukiapia. Huyu binti ni mtu mwema sana, nisingependa aumizwe. Lakini watu wa mtoni na shabu wametoka mbali. Barabara ilipokatika, nadhani alifanya kama anavyofanya nyumbani kwao."

Alisema kwa huruma. Aliyesikia angedhani ananitetea.

"Si mimi!" nikasema. "Kabati lina kufuli, ufunguo anao yeye!"

"Ufunguo huwa nauacha mezani, binti. Wewe unajua." Hakuwahi kuuacha mezani hata siku moja. Hata chooni alikwenda nao.

Afisa alinitazama bila ubaya wowote. "Hata mama yangu yuko hivyo hivyo," akasema. "Ukimpa maji ya chupa, anayatia shabu." Hapo nikajua nimekwisha. Angetunga uongo mwingine wowote ningeupigania. Huu aliuokota nyumbani kwetu, kwenye ndoo zetu, na kila mtu aliyekuwa chumbani alikuwa amekua akiyanywa maji hayo. Nani mwingine atie shabu kwenye maji kama si sisi? Mjomba aliniuliza, "Ulitia shabu?" lakini jibu alikuwa nalo tayari, niliona usoni mwake.

Kliniki iliamriwa ibadilishe mipira yote kabla ya kufunguliwa tena. Mimi niliamriwa nisiguse vifaa vya wagonjwa. Walipoondoka nilibaki kukusanya vitu vyangu, leso na viatu vya akiba, na Daktari alikuwa ananawa mikono kwenye sinki.

"Daktari, kwa nini?"

"Barabara ilikatika. Wewe mwenyewe uliona."

"Barabara ilifunguliwa."

"Kila wiki nilisema wiki ijayo nitaagiza. Kisha maji yakawa yanapendeza, na hakuna aliyelalamika." Alizima bomba. "Ukikaa na jambo muda mrefu bila kuadhibiwa, unaona kama limeruhusiwa."

"Mama yangu amekatwa mfupa."

Alijifuta kidole kimoja kimoja, kama alivyofanya baada ya kila mgonjwa. "Nikifungiwa mimi, hawa watu watang'olewa meno na nani? Kutoka hapa mpaka Hola utampata nani? Wewe bado msichana, utaanza kwingine. Na mama yako atakusamehe, wewe ni mtoto wake. Mimi asingenisamehe."

Hilo ndilo neno lake la mwisho kwangu kwa miaka. Watu wanaponiambia kwamba labda alishikwa na woga, kwamba aliropoka tu mbele ya afisa, nakumbuka jinsi alivyokuwa amepiga hesabu. Alinipima kama alivyopima unga.

Na hesabu yake ilikuwa sahihi. Mama alitoka hospitalini uso umebonyea upande mmoja. Nilipiga magoti kitandani kwake nikamweleza kila kitu, kufuli, kinu, maneno ya pale sinki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanishika kichwa. "Mwanangu, hukukusudia. Yamepita." Nikasema, mama, si mimi. "Najua, najua, hukukusudia." Kila nilipoeleza upya alinihurumia zaidi, akidhani ni aibu inayonisumbua. Ningependa angenipiga. Mtu akikupiga unaweza kumbishia, lakini mtu aliyekwisha kukusamehe unambishia nini? Mlango umefungwa na ufunguo anao yeye, na ameufunga kwa mapenzi.

Nilikuja Malindi, nikapata kazi kwa daktari mwingine, na kazi yangu ni ile ile. Naachia maji asubuhi, napuliza mipira jioni, dawa inayonuka natia kila Ijumaa, na naipima kwa mkono wangu. Bosi wangu huwaambia wageni kwamba hajaona msaidizi anayejua mipira kama mimi. "Nani alikufundisha?" huuliza. Najibu, mtu mmoja wa Garsen. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba hakunifundisha kitu hata kimoja cha uongo. Angekuwa tapeli ningemtupa na mafunzo yake. Kila siku ya kazi naitumia akili yake, na kila siku ya kazi namchukia kwa nafasi.

Mwaka huu, baada ya mvua za mwanzo, nilikuwa napita Garsen kwenda kumwona mama. Nikaingia hotelini kunywa chai. Alikuwa ameketi kona ya ndani, peke yake, shati limefungwa mpaka shingoni. Nilikuwa nimesikia kwamba macho yamemharibikia, kwamba kliniki amemwachia mwingine. Nikakaa mbele yake, nikamwamkia shikamoo kwa sababu mdomo umezoea.

"Marahaba," akasema, na kisha, kabla sijajitaja, "Binti."

Maneno niliyokuwa nimeyapanga miaka yote, ya kumrarua, yaliniacha. Nikasikia nikisema kwa sauti ndogo, "Daktari, sitaki kitu. Sitaki uende kwa afisa, sitaki kesi. Twende Wema umwambie mama. Mama peke yake."

Alikoroga chai yake kwa muda. "Leo?"

"Leo."

"Haya," akasema. "Twende."

Nilishtuka nikaacha chai yangu mezani. Tulichukua bodaboda mbili, yake ikiwa mbele, na njia nzima nilimtazama mgongo wake, mdogo, unaruka ruka kwenye mashimo, na moyo wangu, Mungu anisamehe, ukaanza kulainika. Nikafikiri, pengine uzee umemfanya mtu. Nikafikiri, usiku wa leo mama atalala akijua.

Mama alikuwa anapaa samaki nje ya jiko. Alipomwona alitupa kisu, akajifunika leso kichwani kwa mikono yenye magamba. "Daktari! Karibu! Ni wewe au mzuka wako? Karibu, baba, karibu kiti." Akamletea kiti, akamletea maji ya kunawa. Daktari alimwomba asogee karibu. Akamshika taya kwa vile vidole vyake, akalipapasa kwa upole akifuata pale palipokatwa, akamwambia afungue mdomo, afunge. "Limepona vizuri," akasema.

"Mama," nikasema, "Daktari amekuja na neno."

"Ndiyo," akasema. "Nimekuja kwa neno."

Alifungua mdomo, akaufunga. Bado naamini kwamba alitoka Garsen akiwa na nia ya kulisema, na kwamba lilifika mpaka kwenye meno.

"Mama, hili taya lako limenikaa rohoni miaka yote."

"Ni mambo ya Mungu, daktari."

"Hapana. Nisikilize." Akaelekeza uso wake kule ilikotoka sauti yangu, kisha akaurudisha kwa mama. "Huyu binti yako usimwekee kinyongo. Alikuwa mdogo. Mimi mwenyewe nilishamsamehe zamani."

Mama aliziba mdomo kwa leso. Machozi yalimtoka, ya furaha, akaanza kumshukuru kwa Kiswahili na kwa Kipokomo kwa pamoja, akimwita baba, akimwita mtu wa Mungu. Mimi nilisema, "Daktari!" Nilisema kwa nguvu hata kuku wakakimbia. Yeye alikuwa ameshasimama, anapapasa hewani akitafuta njia ya kwenda kwenye pikipiki, na mama anamfuata na mkungu wa ndizi, anamwambia dereva aufunge vizuri usidondoke.

Kisha mama akanijia, akanishika mkono wangu kwa mkono wake wenye magamba ya samaki. "Umeona moyo wa mzee yule? Haoni, na amekuja mpaka hapa kwa ajili yako. Nenda kamshike, asijikwae. Mwambie asante."

Nilikwenda. Nilimshika kwapa, nikamwinua mguu juu ya kiti cha pikipiki, nikamwekea mkono wake kwenye bega la dereva. Mama alikuwa amesimama mlangoni pa jiko anatutazama, anatabasamu kwa ule upande unaoweza kutabasamu.

Nikasema asante.